Mama Amekubali

Mama Chiriku alikuwa na ulimi wa asali, ila asali yenyewe aliiuza kazini. Asubuhi hadi jioni alikaa kwenye ukumbi wa simu wa kampuni ya maji, vipokea sauti vimembana masikio, akiwahudumia wateja. Mtu angepiga akiwa amefura kwa hasira, bomba lake limekauka tangu juzi, aitukane kampuni na ukoo wake wote, naye angemjibu kama anayembembeleza mtoto mchanga: "Pole sana, kaka yangu. Ningekuwa mimi ningekasirika zaidi. Watoto wamepata japo maji ya kunywa?" Mteja ananywea papo hapo. Wenzake walimbatiza jina la Asali, na msimamizi wa ukumbi aliwasikilizisha wafanyakazi wapya sauti yake iliyorekodiwa, ili wajue kazi inafanywaje.

Akifika nyumbani mzinga ulikuwa mtupu. "Viatu." "Daftari liko wapi?" "Kaoge." "Zima hiyo." Basi. Binti yake wa pekee aliitwa Chiriku tangu alipojua kutamka, kwa sababu akianza kuongea alikuwa haweki kituo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na maneno yake yalikuwa yamepungua mpaka yakabaki "ndiyo" na "sijui". Mama hakuona tatizo. Tuseme ukweli, alishukuru. Mtu aliyemezeshwa matusi ya mji mzima mchana kutwa anataka nini tena kama si kimya?

Ndiyo maana Jicho lilimwingia moyoni. Jicho ilikuwa programu ya simu, ile ya wazazi kuwalinda watoto wao mtandaoni. Aliisikia kwa mwenzake wa meza ya jirani, siku walipokuwa wakinong'ona habari za mtoto aliyerubuniwa na mtu mzima aliyejifanya msichana wa rika lake, na wiki hiyo hiyo akaitia kwenye simu yake na ya Chiriku. Akitaka kujua mtoto yuko wapi, anatazama nukta ya bluu kwenye ramani. Mtoto akitaka mchezo mpya, au kuongezewa muda, au kupita njia tofauti na ile ya shule na nyumbani, anatuma ombi, na mzazi anabonyeza Kubali au Kataa. Kulikuwa na kidirisha cha kuandikiana pia. Na mpaka saa kumi na moja jioni simu ya mtoto haikupokea wala kupiga, asije akacheza wakati wa masomo ya ziada. Hilo Mama Chiriku alilipanga mwenyewe, na lilimpendeza mno. Malezi yote kwa kidole gumba kimoja!

Mwanzoni maombi yalimiminika. Halafu, kama miezi miwili hivi iliyopita, yakakauka. Kazini simu zilifungiwa kabatini, hazikuruhusiwa ukumbini, kwa hiyo aliitazama yake jioni tu, na jioni hakukuta ombi hata la dawa. "Mtoto ametulia," alimwambia mumewe, kifua mbele. "Mtoto ni kubanwa."

Siku yenyewe mitambo ya kampuni iligoma. Simu zote zikafa, mafundi wakaja wakakuna vichwa, na msimamizi akawaruhusu watu waondoke mapema. Mama Chiriku akachukua simu yake kabatini, akaenda kwa mumewe amngoje afunge duka, warudi pamoja.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alitengeneza simu kwenye kibanda chenye meza moja, taa ya shingo ndefu, harufu ya lehemu isiyoisha, na kabati la kioo lililojaa simu za mtumba. Ukutani alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: SIMU YAKO HAIFUTWI KISIRISIRI. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Mteja akija kumuuzia simu, Fundi humsimamisha mbele ya meza, humwonyesha kila hatua, na kidole cha mwisho kinachofuta picha, majina na siri zote kinakuwa cha mteja mwenyewe. "Nyumba unahama wewe," alizoea kusema, "mlango ufunge wewe." Watu waliacha mafundi wa karibu nao wakaja kwake kwa ajili ya jambo hilo tu.

Mama Chiriku alikuwa ameketi kwenye kigoda, anajipepea kwa kipande cha boksi, simu mapajani, ilipotoa mlio mdogo. Alikunja macho, maana miwani ilikuwa ndani ya mkoba, akasoma kwa shida: "Chiriku anaomba kutoka nje ya njia yake hadi saa kumi na mbili."

"Ehe," alisema. "Ameanza tena huyu."

Akainama kuitafuta miwani. Alipoinua kichwa, ombi halikuwepo. Mahali pake palikuwa na mstari mmoja wa kijani: "Mama amekubali." Nao ukafifia mbele ya macho yake, ukatoweka.

Alikitazama kidole gumba chake. Kilikuwa kimeshika miwani.

"Baba Chiriku."

"Naam."

"Simu inaweza kujibonyeza yenyewe?"

"Simu haina kidole," alisema Fundi, jicho lake likiwa kwenye lenzi. "Umeikalia."

"Nimekalia kigoda. Hebu njoo uone."

Fundi alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Aliipokea simu, akaingia ndani ya Jicho mahali ambapo mkewe hakuwahi kufika, panapoonyesha simu za wazazi zilizosajiliwa. Mama Chiriku alitarajia kuona moja. Zilikuwa mbili, zote zimeandikwa "Mama", na zote zina taa ya kijani. Ya kwanza ilikuwa hii iliyo mkononi. Ya pili ilikuwa ile ya zamani, iliyopasuka kioo, ambayo Fundi alimbadilishia miezi miwili iliyopita.

"Ile si uliiuza?" aliuliza.

Fundi alisogeza uso karibu na kioo, kana kwamba ingesaidia.

"Baba Chiriku, ile simu uliifuta?"

"Nilitoa laini. Nilitoa na kadi ya picha."

"Sikukuuliza laini. Uliifuta?"

"Hapakuwa na mteja," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Fundi alikuwa amefuta simu za nusu ya mji, lakini mkono wake ulizoea kuanza kazi hiyo pale tu mwenye simu anaposimama mbele ya meza na kuuliza picha za harusi zitakwenda wapi. Kwa simu hii hakusimama mtu. Mwenyewe alikuwa nyumbani anapigia viatu kelele. Fundi aliondoa neno la siri ili ajaribu kioo kipya, kioo kikakubali, akaipangusa vizuri na kuiweka kabatini pamoja na nyingine, ikiwa wazi kama sebule wakati wa msiba.

"Nani aliinunua?"

"Jamaa mmoja. Mstaarabu tu. Shati limepigwa pasi." Fundi alikuwa anakumbuka na kuogopa kwa wakati mmoja. "Alisema anataka simu iliyotumiwa na mwanamke. Kwamba wanawake hutunza vitu. Nikacheka. Nikamwambia basi chukua hii, ilikuwa ya mke wangu, tena..."

"Tena nini?"

"Tena tuna mtoto mmoja tu, haijachezewa."

Mama Chiriku akayaunganisha mambo. Waliotengeneza Jicho hawakutaka baba na mama wasumbuliwe wote wawili kwa jambo moja: mzazi mmoja akishalijibu ombi, au akishausoma ujumbe, unafutika kwenye simu ya mwenzake. Kwa hiyo miezi miwili yote mtoto hakuwa ametulia. Alikuwa akiomba, na akijibiwa. Alikuwa akiandika, na akiandikiwa. Mama yake akiwa ukumbini anawabembeleza wenye mabomba makavu, kulikuwa na mama mwingine ndani ya simu, mwenye nafasi na mwenye subira, aliyejua mtoto yuko wapi hatua kwa hatua. Na leo mama huyo alikuwa amemwambia mtoto atoke nje ya njia, tena aombe ruhusa kwanza, ili kengele ya Jicho ya mtoto aliyetoka njiani isilie.

Aliifungua ramani. Nukta ya bluu ilikuwa imekwisha kuliacha jengo la masomo ya ziada. Ilikuwa inateremka barabara kubwa, polepole, mwendo wa mtoto anayetembea peke yake.

Akapiga. Sauti ya kike, tamu kama yake ya kazini, ikamwambia kwamba simu hii iko kwenye muda wa masomo, ajaribu baada ya saa kumi na moja. Akaingia kwenye mpangilio wake, akaondoa muda wa masomo, akabonyeza Hifadhi. "Ahsante," Jicho likamwandikia. "Mabadiliko yako yataanza kutumika kesho."

"Kesho!" alipiga kelele. "Hivi waliotengeneza kitu hiki wamewahi kuwa hata na kuku?"

"Mwandikie," alisema Fundi. Alikuwa tayari ameshika ufunguo wa pikipiki. "Mwandikie kwenye kidirisha."

Aliandika: "Rudi nyumbani sasa hivi."

Walisimama wawili wakitazama kioo, mtu na mkewe, kama wanaongoja maziwa yasifurike. Jibu lilikuja.

"Wewe ni mama yupi?"

Hawakuwahi hata kuvuta pumzi, maneno yakafutika. Mtu mwingine, mahali pengine, alikuwa ameyasoma pia.

Mama Chiriku aliandika tena, na tena. "Mama yako! Rudi!" Hakuna kilichorudi. Nukta iliendelea kuteremka. Fundi aliinyakua simu, akafungua pale penye simu mbili, akaweka kidole juu ya neno Ondoa.

"Usiguse!"

"Anamwona, Mama Chiriku! Kila hatua anamwona!"

"Ukimtoa atajua kwa hakika tumemjua, na mtoto yuko njiani anamwendea. Mahali wameshapanga. Tutabaki kutafuta mtu tusiyemjua, kwenye gari tusilolijua." Hakujua maneno hayo yalitoka wapi. "Mwache mpaka tumwone. Twende."

Fundi hakufunga duka. Kwa mtu aliyekuwa akifunga kufuli mbili hata akienda msalani, hilo lilikuwa jambo.

Kwenye pikipiki Mama Chiriku aliegemeza simu kwenye mgongo wa mumewe, mkono mmoja kiunoni kwake, macho kwenye nukta. "Kushoto," alikuwa akimpigia kelele sikioni. "Moja kwa moja. Pita hapo hapo, achana na taa!" Kwa simu ya Fundi, ameibana kati ya sikio na bega, alipiga polisi. Aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu anayepiga miayo, akamtaka aanze na jina kamili na mtaa anaoishi. Mama Chiriku, ambaye alikuwa na tuzo ukutani kwa ajili ya subira yake, alimtukana yule mtu kwa namna ambayo hakuna mteja wa maji aliyewahi kuifikia. "Tulia, mama, nakuelewa kabisa," yule mtu alimwambia, na Mama Chiriku alijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani kwamba haelewi chochote. Lakini alipotaja mtoto na mwanamume asiyejulikana, miayo iliisha. Wakamwambia gari linakuja, asikate simu, awaambie nukta inakoelekea.

"Ni mimi," Fundi alisema mbele, upepo ukimrudishia maneno. "Ni mimi nimemuuza mtoto."

"Nyamaza uendeshe."

"Nimemuuza kwa mkono wangu, nikampa na chaja."

"Nimesema uendeshe! Lawama tutagawana baadaye, na yangu ni kubwa."

Nukta ilisimama. Ilisimama mahali palipoandikwa kwenye ramani kuwa ni jumba la sinema, ingawa sinema ilikwisha zamani na jumba lilikuwa ghala la makochi. Walipofika, mbele ya ghala palikuwa na uwanja wa kokoto wenye magari yaliyoegeshwa: lori la makochi, magari madogo manne au matano, gari moja la kijivu karibu na ukuta lenye vioo vyeusi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kituo cha mafuta. Sare ya shule haikuonekana popote. Nukta ilikuwa pale pale, inapumua, nayo haina adabu ya kumwambia mtu ni upande upi wa barabara, wala ni nje ya gari au ndani.

Mama Chiriku alishuka kabla pikipiki haijasimama. Alitaka kuita jina la mtoto, akajizuia. Kama yumo ndani ya mojawapo ya magari haya na akapiga kelele, gari litaondoka. Alisimama kwenye kokoto akiyatazama magari moja baada ya jingine, na hakuna siku katika maisha yake aliyowahi kuogopa namna ile.

Ndipo akakumbuka matakia. Zamani, alipokuwa akipoteza simu yake ndani ya matakia ya kochi, alikuwa akichukua simu ya Chiriku, anafungua Jicho na kubonyeza Tafuta Simu, nayo huko iliko inalia kwa nguvu zake zote hata kama sauti imezimwa. Akafungua pale penye simu mbili za Mama. Akachagua ya zamani. Akabonyeza.

"Mamaaa! Simu! Mama, simu inalia! Mamaaa!"

Sauti ya Chiriku ilitoka ndani ya gari la kijivu.

Mama Chiriku alishakimbia kabla akili haijamfikia. Hakukumbuka, mpaka alipokuwa amelifikia gari na anakipiga kioo kwa viganja viwili, kwamba huo ulikuwa mlio wa simu yake mwenyewe. Alimrekodi Chiriku akiwa na miaka minne, enzi zile asizoweka kituo, na simu ikiita nyumba nzima ilikuwa inacheka. Alipobadilishiwa simu hakuuhamisha mlio ule. Hakuukumbuka hata kidogo.

"Mama, simu! Mama, simu inalia!"

Injini iliwaka. Fundi aliiingiza pikipiki mbele ya gari, akailaza chini pale pale mbele ya tairi, akabaki amesimama nyuma yake mikono imetanuliwa kama kipa. Gari lilisukuma chuma, chuma kikalia kwenye kokoto, gari likazimika. Mama Chiriku akaufungua mlango.

Ndani alikuwemo mtu mmoja tu. Shati limepigwa pasi. Alikuwa anaibonyezabonyeza ile simu kwa vidole vyote, haimtii, inaendelea kumwita mama yake. Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na pakiti mbili za juisi, mirija yake bado imebandikwa, na mfuko wa biskuti.

"Samahani, dada," alisema kwa upole kabisa. "Kuna tatizo?"

"Yuko wapi?"

"Nani, dada yangu?"

Upole ule Mama Chiriku aliufahamu. Ulikuwa wa kazi, kama wake. Alimshika shati kifuani, na kama si Fundi kupitisha mkono na kuchomoa ufunguo, na vijana wa kituo cha mafuta kuvuka barabara wakiuliza kulikoni, hatujui angefanya nini. Walipoambiwa, walimzingira yule mtu wakamkalisha kwenye kokoto. Mmoja alitaka kumpiga, mkubwa wao akamzuia. "Polisi wanakuja," alisema Fundi. "Akae hivyo hivyo. Na hiyo simu mtu asiiguse, wala kuifuta."

Lakini mtoto hakuwemo kwenye viti vya nyuma, wala kwenye buti. Mama Chiriku alizunguka gari lile mara mbili.

"Mama?"

Sauti ilitoka ng'ambo. Chiriku alikuwa amesimama kwenye kituo cha mafuta, nyuma ya mashine ya kujazia upepo, begi la shule amelikumbatia kifuani. Alikuwa amesimama pale muda wote.

Mama alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, dereva mmoja akampigia honi na kumtukana, hakusikia. Alimshika mtoto mabega, mikono, uso, akimkagua kama bidhaa. Alikuwa mzima.

"Niliona mnaniandikia tofauti," Chiriku alisema haraka haraka. "Huyu ananiambia njoo, huyu ananiambia rudi. Nikasema sivuki. Nitasimama hapa kwenye watu, nione nani atatokea. Akitokea mtu mwingine nikimbilie ndani ofisini kwao." Uso wake ulikuwa umechanua. Mama yake hakuwa ameuona umechanua hivyo kwa muda mrefu sana. "Umetokea wewe! Umekuja kweli! Niliona unakimbilia lile gari, nikasema ni yeye, ndipo aliposema atakuwa. Kwa hiyo ni wewe? Wewe ndiye yule?"

Mama Chiriku alielewa anaulizwa nini.

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, "ndiyo", na uso ule ungebaki hivyo hivyo. Angebonyeza Kubali kwa mara nyingine, kama alivyozoea, na maneno yote matamu ya miezi miwili yangekuwa yake. Na siku nyingine, mtu mwingine mwenye maneno kama hayo angekuta mlango uko wazi.

"Hapana," alisema. "Mimi ni yule wa 'rudi nyumbani sasa hivi'."

"Huyo tu?"

"Huyo tu."

Chiriku alitazama ng'ambo, kwa mtu aliyekaa kwenye kokoto katikati ya vijana wa mafuta. Gari la polisi lilikuwa linakata kona. Ndani ya gari la kijivu, mlango ukiwa wazi, mtoto wa miaka minne alikuwa bado anaita.

"Nilijua," Chiriku alisema mwishowe. Mwanga ulikuwa umemtoka usoni. "Nilijua karibu tangu mwanzo. Wewe huandiki hivyo. Aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza mbona siku hizi siongei." Alilibana begi kifuani. "Nikasema labda ni wewe, ila unaona aibu kuyasema kwa mdomo."

Maneno ya kazini yakamjia Mama Chiriku yenyewe, yamepangana tayari mdomoni: pole sana, mpenzi, nakuelewa kabisa. Akayameza. Aliona haya, haya ya kweli, kwamba hayo ndiyo aliyokuwa nayo, na kwamba yule mtu wa kokoto alikuwa nayo vilevile. Mbali na hayo hakuwa na kitu ila ile sauti yake ya nyumbani, kavu, ya neno moja moja.

Aliketi kwenye ukingo wa saruji kando ya mashine ya upepo, akapapasa mahali pa pembeni.

"Kaa."

Chiriku akakaa.

"Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Usiweke kituo."

Ng'ambo, polisi walikuwa wanamwinua yule mtu, na Fundi alikuwa anaonyesha kwa mikono pikipiki ilivyolala. Chiriku aliinamisha kichwa akatazama miguu yake.

"Viatu vyangu vinanibana," alisema. "Tangu muhula uliopita."